Namna ya Kumchagulia Mtu Kitabu Lubumbashi, Pamoja na Vile Vilivyokatazwa

Kabla hujataja jina la kitabu chochote, muulize anayekuomba ushauri maswali matatu: anasoma saa ngapi na kwa mwanga gani, kitabu cha mwisho alichokimaliza mpaka ukurasa wa mwisho ni kipi, na nani mwingine nyumbani kwao atakishika kitabu hicho akikiacha mezani. Nimeazimisha vitabu kutoka rafu moja ya mbao huko Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi, kwa miaka 12, na karibu kila pendekezo langu lililoharibika liliharibika kwa sababu niliruka mojawapo ya maswali haya.

Swali la mwanga huwashangaza watu, lakini ndilo linaloamua mengi. Katika mitaa yetu mingi umeme hukatika jioni, saa ambayo mtu mzima aliyefanya kazi mchana kutwa ndipo anapata nafasi ya kuketi na kitabu. Anayesoma kwa mshumaa au kwa taa ndogo ya sola anahitaji herufi kubwa na sura fupi, kwa hiyo usimpe kurasa 400 za maandishi madogo hata kama ni mtu mwenye elimu kubwa. Mama anayeuza sokoni na kusoma kati ya mteja mmoja na mwingine anahitaji hadithi fupi au mashairi, kitu anachoweza kukifunga ghafla bila kupoteza uzi wa habari.

Swali la kitabu kilichomalizwa lisisitize, kwa kuwa watu hutaja vitabu wanavyoviheshimu badala ya vile walivyovisoma. Mtu atakuambia kwamba anapenda historia, lakini ukimbana kwa upole utagundua kwamba kitabu pekee alichokimaliza kwa miaka 3 ni hadithi ya mapenzi. Huyo mpe hadithi ya mapenzi yenye historia ndani yake. Mimi humpa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ambamo Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, anatuongoza taratibu hadi katikati ya harakati za kupinga ukoloni. Msomaji huanza kwa kufuata ndoa ya Yasmin, kisha anajikuta anauliza Waingereza walifanya nini Zanzibar.

Kiswahili chao na chetu

Hapa kuna tatizo la kwetu ambalo mshauri wa Dar es Salaam au Mombasa halijui. Msomaji wa Lubumbashi anaongea Kiswahili tangu utotoni, lakini kusoma kwa kina alifundishwa kwa Kifaransa. Akifungua riwaya ya pwani anakutana na lugha anayoielewa nusu na kuionea aibu nusu. Kwetu mukanda ni barua, kwao mkanda ni kitu cha kufunga kiunoni. Sisi tunakwenda masomo, wao wanakwenda shule. Tunakula bukari na sombe, na kwenye kitabu wanakula ugali na kisamvu. Hakuna lugha mbovu kati ya hizi mbili, na ni muhimu umwambie msomaji hivyo kwa maneno yaliyo wazi, kwa sababu wengi wameambiwa tangu zamani kwamba Kiswahili chao hakifai kuandikwa.

Njia ninayotumia ni hii: mwombe asome ukurasa wa kwanza kwa sauti mbele yako. Akikwama kwenye neno moja au mawili, mpe kitabu pamoja na karatasi ndogo uliyoandika maneno kumi au kumi na matano yanayorudi mara kwa mara, uibandike ndani ya jalada. Akikwama kila mstari, badilisha kitabu bila kumfanya ajione mjinga. Mwambie tu kwamba hiki kitamfaa zaidi baadaye. Na asiyetaka Kiswahili kabisa usimlazimishe, kwa kuwa mji huu una waandishi wake kwa Kifaransa. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941 na kufundisha kwenye chuo kikuu chetu, na Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1981.

Kuna maandishi mamoja ambayo ningependa kila mwenyeji wa mji huu ayaguse angalau mara moja. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, kile kilichosemwa jikoni na kambini, bila kuomba ruhusa kwa sarufi ya pwani, na leo inasomeka bure kwenye intaneti. Ukimpendekezea mtu, mwonye kwamba alama za kituo ni chache na maneno yameandikwa kama yanavyosikika, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Akiisoma kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mzee, sentensi zinafunguka.

Vitabu vilivyokatazwa

Kitabu kilichokatazwa kina mvuto wake, na kishawishi cha mshauri ni kukitoa kwa kunong'ona kana kwamba ni dawa ya siri. Usifanye hivyo. Kinachomsaidia msomaji ni kuelezwa wazi mambo manne: nani alikikataza, lini, kwa sababu gani, na ni kitu gani ndani yake kinachoweza kumuumiza msomaji huyu mwenyewe, aliyesimama mbele yako. Jambo la nne ndilo linalosahauliwa, na mimi nililisahau vibaya.

Euphrase Kezilahabi, mwandishi kutoka Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Ni habari ya binti aliyelelewa na baba mkali asiyetaka kumwona karibu na mvulana yeyote, ambaye alipofika shule, mbali na macho ya baba, akaanguka kwenye mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Kitabu kilizuiwa mashuleni Tanzania kwa sababu kilisema waziwazi juu ya mapenzi na mwili, na baadaye kikarudi kufundishwa humohumo. Nilimpa msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, nikijivunia kwamba nimempa kitabu chenye ujasiri, bila kumwambia kwamba kuna utoaji mimba ndani yake na kwamba kinaishia kwa mtu kujiua. Sikuuliza swali langu la tatu. Siku ya nne mama yake alikuja kwangu na kitabu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge, akakiweka mezani na kukaa kimya muda mrefu kabla ya kusema.

Alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, nikamwomba pia akisome yeye kwanza, hata kama ni kwa mwezi mzima. Alikichukua tena. Alikisoma polepole kwenye meza yake ya sokoni, na aliporudi aliniambia kwamba yule baba wa kitabuni anamjua, kwani anaishi barabara ya pili kutoka kwao. Kisha alikisoma tena pamoja na binti yake. Tangu siku ile, kitabu chochote chenye mambo ya mwili ninachotaka kumpa mtoto wa watu hupitia kwanza kwa mama, shangazi au yaya (dada mkubwa) wa nyumba hiyo, na ninataja mambo mazito kwa majina yake, bila kuyaficha chini ya maneno kama “maisha magumu”.

Kuna vitabu vilivyofuatwa na serikali, na hivi vinahitaji maelezo ya aina nyingine. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi kilichoitwa “Kenya: Twendapi?”, na mashairi aliyoyatunga kifungoni kwa siri yakatoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, yakapata tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ. Riwaya aliyoiandika gerezani kwenye karatasi za chooni ipo kwa Kiswahili kwa jina Shetani Msalabani. Riwaya yake ya Matigari iliondolewa madukani nchini Kenya mwaka 1987, baada ya polisi kusikia watu wakimzungumzia Matigari na kwenda kumtafuta kama mtu wa kweli.

Habari hizi huwavuta sana vijana, lakini chunga usiuze gereza la mwandishi badala ya kitabu chake. Kijana anayechukua Sauti ya Dhiki kwa sababu ya kifungo atakutana na Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mashairi ya vina na mizani, naye atakirudisha siku ya tatu. Mimi sikiazimishi kwa mtu mmoja. Hukipendekeza kwa kikundi cha watu wanne au watano, shairi moja kwa jioni moja, asome mwenye sauti nzuri na wengine wabishane juu ya maana. Shetani Msalabani, kinyume chake, kinamfaa msomaji wa peke yake anayependa hadithi yenye kejeli na hasira. Mwenye ibada nyingi mwambie mapema kwamba jina la kitabu linamhusu shetani wa mali na wizi, asije akakikataa kwa jalada tu.

Hofu ya jalada ni kubwa kwetu. Zamenga Batukezanga, mwandishi aliyesomwa sana nchini, ana kitabu kiitwacho Bandoki, maana yake wachawi, na nimeona kikitolewa nyumbani kwa sababu ya neno hilo moja. Usibishane na mzazi juu ya imani yake. Kwa wale wanaodhani kwamba kila kitabu chenye swali gumu ni adui wa kanisa, mimi huwatajia Entre les eaux ya Mudimbe, riwaya ya 1973 kuhusu padri anayeacha parokia na kujiunga na waasi: kitabu hicho kilipewa tuzo kubwa ya Kikatoliki ya fasihi. Taarifa hiyo imenifungulia milango mingi kuliko hoja zangu zote juu ya uhuru wa kusoma.

Vipo pia vitabu vilivyopingwa na waliodhalilishwa navyo, na hapo mimi siko upande wa kitabu kwa urahisi. Tintin au Congo, hadithi ya katuni iliyoanza kutoka kwenye gazeti la watoto Brussels mwaka 1930, inatuchora sisi kama watoto wajinga wenye midomo minene. Mwaka 1946 ilichorwa upya, na somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wetu kwamba nchi yao ni Ubelgiji likageuzwa kuwa somo la hesabu. Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikwenda mahakamani Ubelgiji akitaka kisambazwe kwa onyo au kiondolewe, na mwaka 2012 mahakama ikakataa. Kitabu hiki kinaingia nyumbani kwetu kwa mtumba na kwa zawadi za ndugu walioko Ulaya. Mtoto wa miaka 8 nisingempa akakisome peke yake. Mtoto wa miaka 14 ningeketi naye, nimwonyeshe somo la zamani na somo jipya, nimwulize kwa nini mchoraji aliona afadhali kubadilisha, na kwa nini alibadilisha hilo na kuacha midomo.

Na Tram 83 ya Mwanza Mujila, ya mwaka 2014? Kila mtu anakiulizia kwa kuwa mji wa migodi uliomo unafanana na wetu. Ni kitabu chenye nguvu, kimejaa baa, wachimbaji na wasichana wanaojiuza, na sentensi zake zinakimbia kama muziki. Nampa mtu mzima anayejua vizuri Kifaransa, nikimwambia asitafute mpangilio wa hadithi katika kurasa 30 za kwanza. Sikiingizi shuleni bila prefe, yaani mkuu wa shule, kujua. Ninakipeleka kwake kwanza, na akisema hapana ninakirudisha rafuni kwangu, ambako mwalimu yeyote anaweza kukikuta.

Majira ya mji huu

Ushauri mwingi wa vitabu vya majira umeandikwa kwa watu wenye theluji na likizo za baharini. Kwetu majira ni mawili, pamoja na kalenda ya shule na ya mifuko.

Septemba ni mwezi wa madaftari, sare na ada. Usimwambie mzazi yeyote anunue kitabu mwezi huo. Azimisha tu, na kiwe chembamba. Mvua zikishaanza na maembe yakijaa sokoni, watu hukaa ndani jioni na riwaya ndefu huanza kupata nafasi yake, lakini mvua ina adui wa pili, yaani unyevu. Funga kitabu kwa plastiki, mwambie msomaji asikiweke chini ya kitanda wala kwenye ukuta unaovuja, na vile vilivyoshonwa vibaya vingojee kiangazi.

Desemba nina kitabu kimoja kwa mababa waliofanya kazi migodini. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliokuwa wamegoma, uwanjani hapa Élisabethville, na wazee wengi walilisikia jambo hilo kwa wazazi wao bila kulikuta kwenye kitabu cha shule. Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, inasimulia makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Hakuna neno moja ndani yake juu ya Katanga yetu, na bado sijawahi kumpa baba wa Gécamines, kampuni ya migodi iliyorithi Union Minière, aliyeshindwa kukimaliza. Hurudi na kuanza kusimulia ya kwao.

Januari 17 tunamkumbuka Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961 karibu kabisa na mji wetu, na vijana huja kuomba kitabu chake. Kipo kimoja, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?, kilichochapishwa mwaka huohuo baada ya kifo chake. Waeleze kabla hawajakifungua kwamba alikiandika miaka kadhaa kabla ya uhuru, na kwamba Lumumba wa humo anawazungumzia Wabelgiji kwa lugha ya maelewano. Asiyeambiwa hivyo hudhani amedanganywa, ilhali aliyeambiwa huanza kupima umbali ambao mtu mmoja alitembea kwa muda mfupi.

Mwezi wa sita, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa usimpe riwaya, hata akikusihi. Mpe hadithi fupi moja ya kupumzisha kichwa na uahidi riwaya baada ya mtihani, kisha uitimize ahadi hiyo. Mwezi wa saba ndipo msimu wangu mzuri. Usiku ni wa baridi, shule zimefungwa, karatasi ni kavu, na tarehe 7 ni siku ya Kiswahili duniani, nafasi nzuri ya kuwapa watu riwaya ya safari. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobeli mwaka 2021, inamfuata Yusuf, kijana aliyetolewa kwa deni la baba yake, katika msafara wa biashara unaotoka pwani hadi ng'ambo ya ziwa, yaani upande wetu. Msomaji anayejua habari za Msiri, mfalme wa Bunkeya huku Katanga, aliyekuja kutoka Unyamwezi na kuuawa na watu wa msafara wa Stairs mwaka 1891, ataisoma safari hiyo kutoka upande ambao msafara ulikuwa ukiujia.

Agosti 1, siku ya wazazi, familia husafisha makaburi na kukaa pamoja. Maandishi ya André Yav ninayapendekeza siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu wazee wapo na kijana mwenye telefone anaweza kuwasomea.

Namna ya kukitoa

Pendekeza kitabu kimoja. Ukitoa vitano mtu anaondoka na orodha, na orodha haisomwi. Kieleze kwa sentensi mbili: ya kwanza iseme habari inamhusu nani na yuko katika shida gani, ya pili iseme kwa nini umemfikiria yeye. Usisimulie mwisho, isipokuwa mwisho huo ni wa kifo na unajua kwamba nyumba yake ina msiba. Hapo mwambie, na umwachie achague.

Kuhusu kuvipata, vitabu vya Kiswahili kutoka Tanzania haviko vingi madukani kwetu, lakini malori ya Dar es Salaam yanapita Zambia na kuingia Kasumbalesa kila siku, na dereva mwaminifu akipewa jina la kitabu, mwandishi na mchapishaji kwa herufi kubwa kwenye karatasi anaweza kukuletea. Lipa nusu kabla na nusu baada.

Weka daftari lenye jina la msomaji, kitabu, tarehe na ukurasa aliofikia. Akikirudisha kabla ya kumaliza, usimuulize sababu mbele ya watu wala usimtetee mwandishi. Mwulize alisimama ukurasa wa ngapi, ufungue ukurasa huo ukiwa peke yako jioni, usome kilichomsimamisha, uandike kando ya jina lake. Kitabu kinachofuata utakichagulia hapo.